Barua ya wazi: Kabla ya AFCON 2027, vipeni hati viwanja vya mtaani

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Waziri mwenye dhamana ya ardhi,
Wakurugenzi wa halmashauri za Mkoa wa Dar es Salaam.

YAH: KUPIMWA, KUPEWA HATI NA KULINDWA KWA VIWANJA VYA MICHEZO VYA MITAANI

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niliyesimamia michezo shuleni kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na ambaye hadi leo huitwa na vijana wa Temeke kupuliza filimbi kwenye mechi zao za mchangani. Sina wadhifa katika chama chochote cha michezo wala sigombei nafasi yoyote. Nimechagua kuandika kwa uwazi badala ya kupeleka barua masjala kwa sababu jambo lenyewe limegawanyika katika ofisi zenu zote, na kila ofisi huweza kusema, bila kudanganya, kwamba sehemu kubwa ya jambo hilo iko kwa mwenzake.

Taifa letu liko katika kipindi kizuri cha michezo, nami nakifurahia kama Mtanzania mwingine yeyote. Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027. Agosti 2025 nchi hizo hizo zilikuwa wenyeji wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na Taifa Stars ikafika robo fainali ya mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata Alphonce Simbu alishinda mbio ndefu za marathoni za ubingwa wa dunia kule Tokyo, akimtangulia mwenzake wa Ujerumani kwa pua tu huku wote wakiandikiwa muda ule ule wa saa 2:09:48. Uwanja wa Benjamin Mkapa tunao, na Arusha inajengewa uwanja wa watazamaji 30,000. Sipingi hata kimoja kati ya hivi, na wala sitasema kwamba fedha za uwanja mkubwa zingejenga zahanati, kwa kuwa hoja ya namna hiyo ni rahisi na mara nyingi haina haki. Hoja yangu ni kwamba michezo ya kila siku, ile inayochezwa na watu ambao hawatatazamwa na mtu, haina mahali palipoandikwa kwa jina lake, na kwamba mahali ilipokuwa ikichezwa panatoweka kwa kasi kuliko mnavyojenga vipya.

Nieleze kwanza kinachofanyika kwenye kiwanja cha kawaida cha mtaani, kwa sababu nahisi kwenye makabrasha ya ofisini kinaonekana kuwa eneo lisilo na kazi. Alfajiri hutumiwa na watu wazima: wanaotembea kwa ushauri wa daktari, wanaokimbia mizunguko kadhaa kabla ya kuwahi daladala, na wazee wanaonyoosha viungo huku wakipeana habari za mtaa. Mchana, shule isiyo na eneo la kutosha huleta wanafunzi wake hapo. Kuanzia saa kumi jioni kinakuwa cha mpira, na hapo pana utaratibu ambao hakuna aliyeuandika lakini kila mtoto anaujua. Wadogo hupiga chandimu pembeni, kwa magoli ya matofali au ya ndala. Wakubwa huchukua katikati. Timu inayofungwa mabao mawili hutoka na inayosubiri huingia. Anayebisha kupita kiasi hupumzishwa na wenzake kabla hata mwamuzi hajasema neno. Mechi huisha kwa adhana ya magharibi. Hakuna kiingilio, hakuna posho, hakuna mgeni rasmi.

Sitaki mdhani nazungumzia peponi. Nimewahi kuona ngumi zikipigwa kwa sababu ya penalti, na nimewahi kukimbizwa mwenyewe kwa sababu ya bao la kuotea. Lakini ugomvi wa kiwanjani huamuliwa pale pale, mbele ya mtaa mzima, na wazee wanaokaa pembeni kucheza bao ndio mahakama ya rufaa. Kijana anayefungwa mbele ya watu leo, akachekwa, kisha akarudi kesho kucheza tena na wale wale waliomcheka, anajifunza jambo ambalo sikuwahi kuliweza kwa chaki katika miaka yangu yote darasani. Na jioni ile anayoitumia hapo ni jioni ambayo hayupo kijiweni, wala hayupo kwenye kibanda cha kubeti akiweka nauli yake juu ya mechi ya Ulaya ambayo hata hataiona. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mtaa uliokosa kiwanja hauwezi kukosa kibanda hicho.

Kwa watu wazima mfano ulio karibu nami ni klabu za jogging. Anayeishi Temeke, Mbagala au Buguruni anazifahamu: Jumapili alfajiri zinapita zikiwa na fulana za rangi moja, zikiimba nyimbo za mchakamchaka, zikienda kutembelea klabu ya mtaa mwingine, na baadaye zinarudisha ugeni. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni mazoezi tu. Ukizisogelea utakuta daftari la michango. Mwanachama akifiwa, wenzake hufika na mkeka, maturubai na fedha, akiuguliwa, huchangiwa, akifungua genge, wanachama ndio wateja wake wa kwanza. Vijana wamepatia ajira humo kwa kujuana, kina mama wameanzishia humo vikoba, na nafahamu watu walioacha pombe si kwa mahubiri, bali kwa sababu saa kumi na moja alfajiri kuna kundi linalowagongea dirisha. Serikali hutumia fedha nyingi kuhamasisha wananchi wajiunge katika vikundi. Hivi vimejiunga vyenyewe. Kinachoniumiza ni kwamba vinakimbia kandokando ya barabara kuu, katikati ya malori, bajaji na bodaboda, gizani, kwa kuwa hakuna njia wala kiwanja kinachowatosha.

Kuhusu afya sitachukua nafasi kubwa, maana nyinyi mna wataalamu na mimi si daktari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa nchini mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mazoezi ya mara kwa mara hushusha shinikizo hilo, na kwa mwenye kisukari cha ukubwani msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini ya mwili inapokuwa imezorota. Tunajivunia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na tuna haki ya kujivunia. Hata hivyo mgonjwa anayeruhusiwa pale huambiwa atembee kila siku, kisha anarudi nyumbani kwenye mtaa wa vichochoro ambako hawezi kutembea hatua mia moja bila kupisha pikipiki. Ushauri huo, kwa maeneo mengi ya jiji letu, ni sawa na kumwandikia mtu dawa isiyouzwa popote.

Nataka nikae zaidi kwenye shule, kwa kuwa huko ndiko nilikotoka.

Kwenye karatasi, michezo imepewa heshima. Baraza la Michezo la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, Sera ya Maendeleo ya Michezo ni ya mwaka 1995, na mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, kama ambavyo ule wa zamani ulivyokuwa na somo la Haiba na Michezo. Kipindi kipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Lakini mwalimu yeyote atawaambia kinachotokea muhula wa pili unapoanza na mitihani ya darasa la nne na la saba inaposogea: kipindi hicho ndicho cha kwanza kukopwa na Hisabati, na deni hilo halilipwi. Simlaumu mwalimu wa Hisabati, maana shule hupangwa kwa matokeo ya mitihani na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kuitwa wilayani kujieleza kwa nini watoto wake hawakimbii. Pamoja na hilo, mwalimu aliyepewa somo mara nyingi hakulisomea. Chuo cha Ualimu Butimba na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, vyote vya mkoani Mwanza, vimetoa walimu wazuri niliofanya nao kazi, ila ni wachache mno ukilinganisha na idadi ya shule, na wengine wakifika vituoni hupewa masomo mengine kwa sababu ya upungufu.

Hata pale palipo na mwalimu na kipindi, linabaki swali la ardhi. Kati ya 2021 na 2022 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, na aliyewahi kufundisha darasa ambalo watoto wanakaa sakafuni hawezi kulalamikia madarasa. Tatizo ni kwamba katika shule yenye eneo dogo darasa jipya huwekwa palipo wazi, na palipo wazi ni kiwanjani. Likija jengo la maabara, nalo hivyo hivyo. Likija la vyoo, hivyo hivyo. Na siku moja shule ina majengo ya kutosha na watoto elfu kadhaa ambao mapumziko yao ni kusimama kwenye korido. Shule binafsi nyingi za mjini zimeanza moja kwa moja katika hali hiyo, zikisajiliwa kwenye viwanja vya makazi ambavyo hata netiboli haitoshi kuchezwa. Ofisi iliyotoa usajili huo ni ya Serikali.

Mtaniambia kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Nayapenda mashindano hayo, nimepeleka watoto huko, na wenye umri wangu tunakumbuka jinsi tulivyovunjika moyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yaliposimamishwa, hadi yaliporejeshwa baadaye. Lakini mashindano huchagua. Shule ya watoto elfu moja na mia tano hupeleka wachache wilayani, wachache wao hufika mkoani, na waliobaki huambiwa washangilie. Mtoto mnene, mtoto mwenye pumu, mtoto asiye na kipaji, ambao ndio wanaohitaji zaidi zile dakika 60, hawana nafasi kwenye kikosi cha wilaya na hawatakuwa nayo kamwe.

Kwa sababu hiyo hiyo sijapenda kuisimamisha barua hii juu ya mashujaa wetu, ingawa ningeweza. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974; yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, na mwaka 2020 akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza. Ni kweli kwamba kiwanja cha mtaani huweza kutoa mtu wa namna hiyo. Lakini tukikitetea kwa hoja hiyo peke yake, siku kisipotoa Samatta mwingine tutakuwa tumewapa wenye kutaka kujenga fremu za maduka sababu ya kusema kimeshindwa kazi yake. Kazi yake ni wale wengine wote, wanaocheza hadi miaka hamsini na hawajawahi kuandikwa gazetini.

Sasa nije kwenye jinsi kiwanja kinavyokufa, kwa kuwa hakifi kwa siku moja wala kwa amri ya mtu mmoja. Katika maeneo yaliyopimwa, michoro ya mipango miji huonyesha maeneo ya wazi, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inayatambua. Mchoro, hata hivyo, hauna mlinzi. Kwanza huja gari bovu moja, linaloegeshwa kwa muda. Kisha huja fundi wa kulitengeneza, na wateja wake. Kisha huja mama lishe wa kuwauzia chakula mafundi, ambaye sina ugomvi naye kwa kuwa anatafuta riziki na kesho yake huenda akawa wa kwanza kuondolewa. Halafu unainuka ukuta wa fremu upande wa barabarani, na ukiuliza unaonyeshwa mkataba, na mkataba una mhuri. Upande wa goli unasogezwa ndani kidogo ili wapangaji wasivunjiwe vioo. Miaka michache baadaye mnaambiwa na ofisi ile ile kwamba eneo limekuwa dogo mno kwa mpira, hivyo ni busara litafutiwe matumizi mengine. Nimeshuhudia haya katika mtaa ambao sitautaja, kwa sababu nikiutaja litakuwa tatizo la mtaa mmoja, nami naamini kila mmoja wenu anao wa kwake akilini anaposoma mistari hii.

Katika maeneo yasiyopimwa, ambayo ni sehemu kubwa ya jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, mambo ni tofauti. Huko kiwanja mara nyingi ni ardhi ya mtu ambaye hajajenga. Watoto hucheza kwa hisani yake, wakati mwingine kwa miaka ishirini, hadi siku mchanga na matofali vinapomwagwa katikati. Huwezi kumlaumu, ni mali yake. Lakini kuna mlango ambao haujatumika. Katika zoezi la urasimishaji wa makazi, yaani kupima mitaa iliyojengwa bila mpango ili itambuliwe kisheria, wananchi huketi na wapimaji, na wengi hukubali kumega sehemu za maeneo yao ili barabara ya mtaa ipatikane. Nimehudhuria vikao hivyo na nimeona watu wakigombana, wakipatana na kusaini. Kwa nini kiwanja hakiwekwi kwenye meza hiyo hiyo, wakati ule ambapo ardhi bado inazungumzika na mwenye eneo tupu angeweza kulipwa na halmashauri kwa bei ya siku hiyo badala ya bei ya miaka kumi ijayo? Jibu nililowahi kupewa ni kwamba kiwanja si miundombinu. Kama ofisi zenu zinakubaliana na jibu hilo, naomba liandikwe wazi katika mwongozo wa urasimishaji ili tujue kinachotusubiri. Kama hazikubaliani, naomba mwongozo ubadilishwe.

Fedha nazo zimekuwa zikienda mahali, na si kwamba Serikali imekaa kimya. Mwaka 2021 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyo katika majiji, na sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha imeelekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Matunda ya nyasi yameonekana upesi: vimeota viwanja vidogo vizuri, vyenye taa na uzio, vinavyokodishwa kwa saa. Watu wa ofisini hucheza humo baada ya kazi, na ni jambo jema kwao. Vijana wa Tandika hupita nje ya uzio. Wakichangishana wanaweza kupata saa moja kwa mwezi, na hilo ni tukio, haliwezi kuitwa mazoezi. Nafuu ya kodi iliyotolewa kwa jina la michezo ingeweza kuambatana na sharti dogo, kwa mfano saa fulani za mchana kwa shule za jirani bila malipo, na bado hamjachelewa kuliweka kwa vibali vijavyo. Kwamba kituo cha vijana kinaweza kusimama katikati ya jiji tunalijua tangu 2015, kilipofunguliwa kile cha Kidongo Chekundu chenye jina la Rais Kikwete. Nacho ni kimoja.

Niruhusuni pia niseme habari ya jezi. Kila uchaguzi unapokaribia mitaa yetu hupata seti za jezi na mipira, kombe hupewa jina la mgombea, na mchezo wa fainali huwa na spika kubwa kuliko za harusi. Vijana hupokea, na nani atakataa? Ila ningependa siku moja nimsikie mgombea wa udiwani akitaja ukubwa wa kiwanja cha kata yake kwa mita na namba ya hati yake.

Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, ambaye leo ndiye Rais wetu, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Mwanzoni tuliona viongozi wakitoka, watumishi wakitoka, hata majirani ambao hawakuwahi kuvaa raba wakitoka. Agizo lile halijafutwa popote ninapofahamu. Limepoa tu, kwa sababu lilitegemea kiongozi atoke na halikuwa na barabara iliyofungwa, wala kiwanja kilichotengwa, wala afisa ambaye angeulizwa kama Jumamosi ingepita bila kitu. Wenzetu wa Kigali tangu mwaka 2016 hufunga baadhi ya barabara kwa magari katika Jumapili zilizotangazwa, na watu hujaa kukimbia na kuendesha baiskeli. Dar es Salaam ni kubwa zaidi na foleni zake mnazijua, lakini asubuhi ya Jumapili, kabla ya saa tatu, zipo barabara ambazo zikifungwa hakuna atakayechelewa popote, na klabu za jogging nilizozitaja zingekuwa za kwanza kuzijaza.

Wapo wanaoachwa hata pale kiwanja kipo. Wasichana wetu walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakiifunga Ufaransa njiani. Timu yetu ya soka ya watu wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka huo huo. Tuliwapongeza wote. Ukienda kiwanja cha mtaani saa kumi na moja jioni, msichana anacheza rede pembezoni, kwenye kipande ambacho mpira wa kaka zake haujakifikia, na akipevuka anaacha kwa sababu hakuna choo wala taa na mama yake anamtaka nyumbani kabla ya giza. Anayetembea kwa magongo hukaa kutazama. Wavulana wa mtaa hawana chuki nao. Kiwanja ni kimoja, na mwenye nguvu hukitwaa. Saa zilizogawanywa na kamati ya mtaa, taa mbili za nishati ya jua na choo kinachofungwa kwa kufuli vingebadilisha mengi kwa gharama ambayo halmashauri yoyote ya jiji hili inaimudu kutoka mapato yake ya ndani.

Ninachoomba, basi, ni kazi ya ofisini zaidi kuliko ya matingatinga. Kila halmashauri ya mkoa huu iandae daftari la viwanja vyote vya michezo vilivyo katika mitaa yake, viwe vya wazi, vya shule au vya taasisi, pamoja na vile vilivyomo kwenye michoro lakini havipo tena ardhini. Daftari hilo libandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa ili wananchi walisahihishe. Vilivyo vya umma vipimwe, viwekewe mawe ya mipaka na vipewe hati kwa jina la halmashauri, zenye sharti kwamba matumizi hayabadilishwi bila mkutano wa hadhara wa mtaa husika. Vya shule vifunguliwe kwa mtaa baada ya masomo na siku za mapumziko, chini ya kamati ambayo mwalimu mkuu ana kauli ndani yake, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kuhusu dirisha lililovunjika. Darasa jipya lisipewe kibali juu ya kiwanja pekee cha shule kabla ya kuangaliwa kama ghorofa linawezekana. Bajeti ya kila halmashauri iwe na kifungu cha matunzo: mchanga, milingoti, mifereji, taa. Tayari mnatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nami siombi mguse hata shilingi yake. Naiomba tu iwe ushahidi kwamba halmashauri ikiagizwa kutenga, hutenga.

Kuna jambo moja lisiloweza kusubiri daftari. Mradi wa Bonde la Msimbazi una mpango wa bustani ya jiji katika eneo ambalo vizazi vya watoto wa Kariakoo, Magomeni na Ilala wamecheza mpira kati ya mafuriko na mafuriko. Michoro ikikamilika ikiwa na migahawa, maegesho na njia za kupigia picha, viwanja vya bure vikiwa vimesahauliwa au vimewekewa kiingilio, hakutakuwa na eneo jingine la ukubwa ule katikati ya jiji la kurekebishia kosa hilo. Naomba idadi ya viwanja, mahali vilipo na utaratibu wa kuvitumia vitangazwe kwa wananchi sasa, wakati kalamu bado iko mezani.

Wageni wa AFCON watakapokuja watakaa siku chache na kuondoka. Nadhani mngependa, kama mimi, kuwa na jibu la kumpa mwandishi wa habari atakayeuliza ni kitu gani mashindano yameuachia mtaa usio na tiketi.

Niko tayari, pamoja na makocha na viongozi wa klabu za jogging wa Temeke, kumtembeza mpimaji wa halmashauri kwenye viwanja vyetu siku yoyote atakayopangiwa. Atukute kuanzia saa kumi jioni, na tafadhali aje na mchoro wa awali wa mipango miji, maana tumeuomba mtaani mara nyingi na bado hatujaonyeshwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Temeke, Dar es Salaam.